Mrejesho: ombi la kipindi kwenye redio ya wanafunzi, Bukavu

Asanteni sana, wakubwa. Niliuliza namna ya kuomba kipindi kwenye redio ya wanafunzi hapa Bukavu, yenye kutaka barua ya ukurasa mmoja na sampuli ya sauti ya dakika 5. Nimepata, ila si yote: niliomba saa nzima Jumamosi jioni, nimepewa dakika 30 Jumanne saa nane mchana, kwa majaribio ya miezi 3.

Kilichosaidia kuliko vyote ni blanketi. Rekodi kwa simu katikati ya nguo zilizotundikwa, blanketi kichwani, mtandao umezimwa, simu iwe umbali wa shubiri moja na pembeni kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisipasuke. Maliza kabla mvua haijaanza. Mabati ya Bukavu hayana huruma.

Sampuli ya kwanza ilirudishwa kwa sababu muziki ulimeza maneno. Niliushusha kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, hadi desibeli 18 chini ya sauti yangu, ikapita.

Mpangilio wa kipindi wa dakika kwa dakika, watu wa redio waliusoma kuliko barua yenyewe. Wekeni mada za vipindi vinne vya kwanza, si kimoja tu.

Ndugu aliyeshauri wageni watatu kila wiki, nilikufuata, wakakata wawili. Kwenye dakika 30, ukitoa utangulizi, nyimbo mbili na matangazo, kila mgeni alibakiwa na dakika 5 hivi, hata salamu haziishi.