Naomba ushauri: Niliwawekea watoto The Lion King ya 2019, wakaondoka mmoja mmoja

Mama Wawili:
Habari zenu wazazi wenzangu. Naomba mnivumilie mnisome hadi chini, maana swali lenyewe liko mwishoni.

Jumamosi iliyopita mwanangu wa kwanza ametimiza miaka 7. Hela ya sherehe sikuwa nayo, nikaita watoto wa majirani, wakafika 11 pamoja na wangu wawili. Nikakaanga bisi, nikatandika mikeka sebuleni, nikawawekea The Lion King, ile filamu ya mtoto wa simba anayeitwa Simba, hii ya 2019. Mimi nimekua na ile ya kuchorwa ya 1994. Mjomba alikuwa na mkanda wake, tuliuangalia mpaka picha ikawa inachezacheza. Kwa hiyo nilijua nawapa watoto kitu cha uhakika.

Mwanzo walitulia kabisa. Jua linachomoza, wanyama wanamiminika, wao wanataja kwa sauti: tembo! twiga! pundamilia! Haikufika nusu saa mmoja akaomba maji, mwingine akasema anaitwa kwao. Kucheka, walicheka mara moja tu: pale manyoya ya Simba yanapopeperushwa na upepo, twiga anayala na majani, yanatokea kwenye kinyesi na mdudu anaanza kuyaviringisha. Hadi inaisha nilikuwa na watoto watatu, wawili wangu, na wa tatu amelala.

Sasa linaloniuma. Baba yangu mzazi alifariki mwezi wa tatu. Tuliishi naye hapa hapa nyumbani na mwanangu alikuwa analala naye kitanda kimoja. Tangu siku ya msiba mtoto hajalia hata mara moja. Anakula, anacheza, ila ukimtaja babu anaondoka. Nilikuwa na nia yangu moyoni. Nakumbuka mimi na mdogo wangu tulivyolia Mufasa, baba yake Simba, alipoanguka korongoni na nyumbu wakampitia juu, nikasema huenda naye akiona mwenzake analia moyo utafunguka.

Mufasa akafa. Mwanangu akanigeukia, akaniuliza, "Mama, si baba yake huyu kafa? Mbona halii?" Nikakosa jibu. Sauti ya yule mtoto wa simba ilikuwa inalia, lakini uso ulikuwa ule ule aliokuwa anachezea dakika chache nyuma.

Naomba mnisaidie. Nimwekee ile ya 1994, au nitakuwa namchokonoa bure? Na hii filamu nyingine, Mufasa ya 2024, jirani anayo, mtoto anaiulizia kila siku. Na watoto wenu hii ya 2019 waliionaje?

Babu Kijana:
Pole na msiba, mama. Ila kwenye filamu mimi siko na wewe. Hii kitu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani, na ikateuliwa Oscar kwa ufundi wa picha. Ukiangalia maji yale, vumbi, manyoya ya shingoni, unasema hawa wamepiga kambi porini. Mwongozaji Jon Favreau alisema picha moja tu ndiyo iliyopigwa kwa kamera, ile ya kwanza kabisa ya jua kuchomoza. Mengine yote kompyuta. Watoto wako labda walichoka na bisi.

Mama Wawili:
Asante mkuu. Picha ni nzuri, hilo sibishi. Lakini umenifungua macho kidogo: hapo kwenye jua ndipo walipotulia.

Mwalimu wa Awali:
Dada, pole sana kwa kumpoteza mzee.

Nafundisha darasa la awali mwaka wa 9 sasa, na Ijumaa mchana huwa nawawekea watoto katuni. Nikuulize: hao watoto 11, wangapi wanasikia Kiingereza? Wangu hawasikii. Na bado wanaweza kukaa wakaangalia katuni ya Kiingereza wakanisimulia yote, nani mwongo, nani anaogopa, nani kamkasirikia nani. Muda mrefu sikuelewa wanajuaje. Siku moja nikakaa mbele, mgongo kwenye televisheni, nikawaangalia wao. Mchoraji akipandisha nyusi, nao wanapandisha. Katuni ikivuta mdomo chini, midomo yao inashuka. Wanasoma uso, na uso ndio mkalimani wao.

Sasa rudi kwenye ile ya 1994. Scar, yule ndugu mbaya wa Mufasa, ana nyusi, ana tabasamu la pembeni. Hata ukizima sauti mtoto anajua huyu mtu mbaya. Simba mdogo machozi yanaonekana. Hii ya 2019 walitaka mnyama awe kama mnyama wa kweli, wakaondoa nyusi, wakaondoa machozi, wakabakiza taya linalofunguka na kufunga. Mtu anayejua Kiingereza anasaidiwa na sauti. Mtoto wako hana cha kumsaidia, amepewa simba wanaotafuna maneno. Swali lake lilikuwa sahihi kabisa, wala usidhani hakuelewa.

Na urefu nao. Ya zamani ni dakika 88, mpya 118. Nusu saa nzima kwa mtoto wa miaka 5 ni nyingi mno.

Dereva wa Mikumi:
Naunga mkono mwalimu, ila kuna jambo naomba niliweke sawa kwa sababu simba ni kazi yangu, napeleka wageni mbugani.

Watu wanasema filamu ile imepooza kwa sababu simba halisi hana sura ya hisia. Si kweli hata kidogo. Mwaka juzi nilisimamisha gari karibu na kundi la majike, mmoja alikuwa ametoka kuwinda peke yake. Aliporudi walimpokea wote kwa kusuguana vichwa, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaopeana mikono msibani. Dume lilipokuja kutaka nyama, jike mwenye watoto akalaza masikio nyuma, akakunja pua mpaka meno yote nje, mkia unachapa huku na huku. Mgeni wangu hajawahi kuona simba maishani na alielewa kila kitu, akaniambia twende. Simba anasema kwa masikio, mkia, mabega, mwili mzima. Wale wa kompyuta walimchukua simba wa kweli wakasahau lugha yake, wakamnyima na ile ya katuni. Hapo ndipo inaponiumiza mimi.

Dada wa Eldoret:
Pole sana dadangu, Mungu ampumzishe mzee.

Wangu pia waliikataa. Huyu mdogo alingoja Timon, yule mnyama mdogo rafiki yake Simba, avae majani acheze ile densi ya kuwahadaa fisi, ikafika hapo akaona wameibadilisha kabisa. Alinikasirikia mimi! Na wimbo wa mapenzi ya usiku wakauweka mchana jua kali, hadi kifungua mimba wangu akauliza usiku uko wapi.

Lakini kuna kitu huwa kinaniuma zaidi. Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi, haya yote ni maneno yetu. Hata Sarabi, yaani mazigazi yale unayaona barabarani kukiwa na joto. Florence Kasumba aliyetoa sauti ya Shenzi amezaliwa Kampala. Na bado mtoto wa hapa anakaa mbele ya hiyo hadithi kama mgeni.

Mimi nilichofanya, nilizima sauti nikasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, kama wale watafsiri wa sinema za vibandani. Fisi nawapa sauti nzito ya kukwaruza. Kwa nyimbo naachia sauti. Watoto hawakutoka. Jaribu, ila kwa ile ya 1994, hiyo mpya hata ukisimulia unachoka peke yako.

Fundi Redio:
Kwa hao wa jirani tafuta katuni za Ubongo Kids au Akili and Me, zimetengenezwa hapa Dar na ni Kiswahili mwanzo mwisho. Tinga Tinga Tales ya Nairobi nayo nzuri, wanyama wamechorwa kwa mtindo wa tingatinga.

Hiyo Mufasa ya 2024 subiri kwanza. Nyuso zina uhai kidogo kuliko 2019, lakini inaanza na mtoto anayesombwa na mafuriko na kutengana na wazazi. Kwa mtoto mwenye msiba mbichi, hapana. Na jiandae kueleza kwa nini huyo Scar, kaka wa mfalme, humo anaitwa Taka, wangu walicheka dakika kumi.

Baba Mlezi:
Mama Wawili, nimesoma maandishi yako mara mbili.

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa na miaka 6. Naye hakulia. Ndugu walijaribu kumliza, wakamwonyesha picha, wakamuimbia nyimbo alizopenda mama yake, mtoto akazidi kujifunga. Kwa hiyo mwekee hiyo ya zamani ukitaka, lakini mbaki wawili tu, bila watoto wa watu, na usimwangalie usoni kusubiri machozi. Watoto wanajua wakiviziwa. Akitaka kusimamisha, simamisha. Akinyamaza, nyamaza naye. Binti yangu alizungumza siku tunachambua mchele, tumeinamisha vichwa wote, miezi minne baadaye.

Mama Wawili:
Jamani nimerudi. Samahani kwa kimya.

Nimewasikiliza. Jumatano mdogo wake alilala mapema, nikamwekea ile ya 1994, tukakaa chini wawili. Sauti nikaipunguza, nikawa nasimulia kwa Kiswahili. Nilikuwa natetemeka kufika kule korongoni. Simba akajaribu kumwamsha baba yake, akavuta sikio, halafu akajilaza chini ya mkono wake. Mwanangu hakusema kitu. Nami nikafanya kama Baba Mlezi alivyosema, nikaangalia televisheni tu.

Kisha Scar akaja, nami nikasimulia anavyomwambia mtoto kwamba yeye ndiye aliyesababisha, akimbie asirudi. Hapo mwanangu akaniambia nisimamishe. Akawa anachezea ukindu wa mkeka. Akasema, "Mama, siku ile babu aliniita nimpelekee maji. Nikaenda kwanza kuchukua mpira."

Wazazi wenzangu, miezi yote hii mtoto alikuwa amebeba hilo peke yake. Nilimweleza kwamba babu alikuwa anaumwa moyo tangu yeye hajaanza shule, na maji yale babu nilimpa mimi, akanywa, akashukuru. Akaniuliza mara tatu: alikunywa? alikunywa yote? Nikamwambia alikunywa yote. Ndipo akalia, akalia mpaka akalala mapajani kwangu. Filamu hatukuimalizia.

Jana asubuhi yeye mwenyewe ameomba tumalizie Jumamosi, na anataka kuwaita wale wenzake. Mufasa nimemwambia tutaisubiri. Dada wa Eldoret, hiyo sauti ya fisi unaitoaje bila koo kuuma? Nimejaribu jikoni, nimeishia kukohoa.