Usajili, ithibati au mtihani wa nje: kipi kinamlinda mwanafunzi wa ufundi?

Mzazi Makini
Ndugu zangu, binti yangu anataka kusomea uchomeleaji. Vyuo vitatu alivyovichagua vinajinadi kwa namna tofauti: cha kwanza kinaonyesha cheti cha usajili wa serikali, cha pili kina ithibati ya chombo huru, na cha tatu kinajivunia tu kwamba mtihani wake wa mwisho husimamiwa na bodi ya nje. Naomba mnisaidie kuvilinganisha, kwa sababu machoni pangu mihuri yote inafanana.

Mkaguzi Mstaafu
Haifanani, ndugu. Usajili ni ruhusa ya kufungua milango: mamlaka imeridhika kwamba majengo, fedha na wakufunzi vimefikia kiwango cha chini. Ithibati inakwenda mbali zaidi, kwani chuo hujitathmini kwa maandishi, kisha jopo la wanataaluma huja kuhakiki kilichoandikwa. Hata hivyo, vyote viwili hupima chuo kuliko vinavyompima fundi. Niliwahi kukagua karakana ambayo kwenye makaratasi ilikuwa kamili, mashine zote zinang'aa. Nilipofungua daftari la stoo, nikakuta vijiti vya kuchomelea vilivyotolewa muhula mzima havimtoshi hata mwanafunzi mmoja kujifunza kunyoosha mshono. Tangu siku hiyo nikawa naanzia stoo.

Mchambuzi wa Sera
Historia inamuunga mkono Mkaguzi. Australia iliunda mamlaka yake ya kitaifa ya kusimamia vyuo vya ufundi, ASQA, mwaka 2011, lakini bado vyuo vilivyosajiliwa viliutumia vibaya VET FEE-HELP, mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa ufundi, mawakala wakiwashawishi watu kwa kompyuta za bure wajiandikishe na kubeba madeni, hadi mpango huo ukafungiwa wanafunzi wapya mwishoni mwa 2016. Nchini Marekani, ambako ithibati hutolewa na vyombo visivyo vya serikali vinavyotambuliwa na Wizara ya Elimu, chombo cha ACICS, kilichokuwa kimeupa ithibati mtandao wa vyuo binafsi vya ufundi wa ITT Technical Institute uliokuja kufungwa, kilinyang'anywa utambuzi mwaka 2016, kikarudishiwa 2018, kisha kikanyang'anywa tena 2022. Chombo kinachoishi kwa ada za vyuo kinavyovikagua hakiwi mwepesi wa kuvifungia.

Fundi Mkuu
Ndiyo maana mimi ningeanza na chuo cha tatu. Ujerumani, chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi iliyotungwa mwaka 1969 na kuandikwa upya 2005, mtihani wa mwisho huendeshwa na vyama vya wafanyabiashara na mafundi, na ndani ya kamati ya watahini wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi huwa sawa kwa idadi, pamoja na mwalimu wa chuo cha ufundi. Anayefundisha hajisahihishii peke yake. Uliza tu kama mtihani wa hicho chuo una sehemu ya vitendo, maana uchomeleaji wa kuandika kwa kalamu haushiki chuma.

Mkaguzi Mstaafu
Nakubali nusu, Fundi. Mtihani huja mwishoni, ada ikiwa imeshalipwa na miaka imeshapita, na chuo kinachoutegemea peke yake hugeuka mahali pa kukariri maswali ya nyuma. Kikifungwa katikati ya masomo, ni usajili utakaomwezesha mwanafunzi kudai haki yake, wala si bodi ya mtihani.

Mhandisi
Angalia pia kilichopewa ithibati ni chuo au ni kozi. Makubaliano ya kimataifa ya Washington ya mwaka 1989 hutambua programu za shahada za uhandisi, na ya Dublin ya 2002 zile za mafundi sanifu. Hakuna kati yake yanayotambua chuo kizima. Wapo wanaotundika getini ithibati ya kozi moja, na wapita njia wakadhani ni ya zote.

Mzazi Makini
Ahsanteni sana. Leo nimeitafuta namba ya usajili ya chuo cha tatu kwenye orodha ya mamlaka. Jina lipo na muda haujaisha, ila kozi iliyoorodheshwa ni umeme wa majumbani, uchomeleaji haumo. Nimemwandikia msajili wa chuo, na malipo yamesimama hadi atakaponijibu.