Karo ya chuo Mombasa: HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), basari na kazi za wanafunzi, tupeane uzoefu

Mwenye uzi: Barua za kuitwa chuo zishaanza kuja na wazazi wanaulizana mitaani. Wajuzi mwageni hapa. Visa vya maisha tuviache. Tajeni karatasi zinazotakiwa na pale mambo yanapokwama.

Mwana wa Majengo: Mwaka wa kwanza ombi hupitia mtandao wa HEF, lango la serikali la kuombea ufadhili na mkopo. Kuwa na namba zako za mtihani, kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya ushuru) na vitambulisho vya wazazi. Aliyefiwa aweke cheti cha kifo. Laini ya simu isajiliwe kwa jina lako. Ukiweka ya mama, pesa za kujikimu zitagoma kuingia. Na usimwachie kijana wa saiba nywila yako, tafadhali.

Jambo wengi hawalijui: ufadhili na mkopo ni maombi mawili. Ufadhili haulipwi, mkopo hulipwa. Anayeikwepa riba anaweza kuomba ufadhili peke yake, lakini ajue pengo la mkopo atalijaza mwenyewe.

Binti Mvita: Naongezea hapo kwa riba. HELB ni 4% kwa mwaka, yaani mkopo wa shilingi 45,000 huzaa 1,800. Kinachoumiza hasa ni faini ya 5,000 kila mwezi kwa anayechelewa kulipa. Kulipa mkopo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, uwe na kazi au huna. Usinyamaze: waandikie mpange kiasi unachokiweza.

Kuhusu makundi matano ambayo wanafunzi hupangwa kwa hali ya familia: la kwanza familia huchangia 5% ya karo, la tano 40%. Ukitupwa kundi lisilo lako, kata rufaa upesi, na uambatanishe ushahidi wa hali ya nyumbani. Maneno matupu hayasomwi.

Mzee wa Kisauni: Basari ziko mbili na watu huzichanganya. Ya CDF, mfuko wa maendeleo ya jimbo la ubunge, ni ya jimbo (Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu), ya kaunti hupitia wadi. Omba zote mbili. Fomu hutaka muhuri wa chifu na wa chuo, kwa hivyo usingoje siku ya mwisho, utamkuta chifu yuko mkutanoni.

Hundi huandikwa kwa jina la chuo. Namba ya usajili ikikosewa hata tarakimu moja, pesa hufika na wewe bado unadaiwa. Nenda ofisi ya fedha, uonyeshe jina lako kwenye orodha, udai risiti.

Shemeji Likoni: Kazi za ndani ya chuo hutangazwa na ofisi ya mkuu wa wanafunzi mwanzo wa muhula: maktaba, mesi, usafi. Uliza kwanza kama malipo yanakatwa kwenye karo au unapewa mkononi. Hoteli za Nyali na Bamburi huchukua vibarua Desemba, ila anayeshika chakula hutakiwa cheti cha afya, na hicho ni cha miezi sita tu. Kikikatwa Mei, Desemba kishakufa.

Mgeni: HELB ukishapata mwaka wa kwanza, inaendelea yenyewe?

Binti Mvita: La. Kila mwaka wa masomo unaomba upya.