Naombeni ushauri: BYD Atto 3 au Toyota bZ4X, naishi Mtwara

BabaWatatu:
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, Chuno. Natembelea Kluger ya zamani ambayo inakunywa petroli kama imetumwa. Nina mke, watoto watatu, na mama yangu mzazi yuko Newala. Kila mwisho wa mwezi lazima nimfuate, nisipokwenda anapigia ukoo mzima simu kwamba nimemsahau.

Msimu huu korosho hazikunitupa, mama watoto naye alikuwa na akiba yake, tumekubaliana gari lijalo liwe la umeme. Tumechuja tumebaki na mawili, yote ya 2023: BYD Atto 3 iliyotumika Uingereza, na Toyota bZ4X iliyotumika Japan. Kwa bei ya kufika bandarini, Toyota imezidi kidogo.

Roho yangu iko kwa Toyota, nisiwafiche. Nimekulia kwenye Toyota. Mama watoto anataka BYD kwa sababu kioo cha katikati kinazunguka chenyewe, na watoto wameona video ya ile mifuko ya mlangoni yenye nyuzi zinazolia kama gitaa. Sasa mimi nitabishana na gitaa?

Mizunguko yangu ni mjini kila siku, Newala mara moja kwa mwezi, Lindi mara mojamoja, Dar mara tatu kwa mwaka. Nichukue lipi?

Kijiti_wa_Mikindani:
Chukua Prado ya dizeli ulale usingizi.

FundiWaya:
Mkuu, kabla hujaangalia nembo angalia TUNDU. Watu wanaulizia rangi na viti, tundu la chaja hawaliulizii, gari likifika ndiyo wanahangaika.

Atto 3 ya Uingereza inakuja na tundu la Type 2 kwa chaja ya nyumbani na CCS2 kwa chaja ya haraka. bZ4X ya Japan inakuja na Type 1, na kwa chaja ya haraka ni CHAdeMO. Hata Atto 3 ikitokea Japan ni CHAdeMO vilevile. Nyumbani zote mbili utachaji bila shida ukiwa na waya wake. Tofauti utaiona huko mbele, vituo vya haraka vikianza kuwekwa, maana dunia karibu yote nje ya Japan imeshaiacha CHAdeMO. Na usije ukadanganyika na Yuan Plus ya China kwa sababu ni rahisi. Ni Atto 3 hiyohiyo, ila usukani uko kushoto, tundu ni la Kichina na kioo kinaandika Kichina.

Swali langu kwako: nyumba yako ina ethi, yaani njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini?

BabaWatatu:
Ethi nadhani ipo, nyumba ilijengwa na fundi mzuri.

FundiWaya:
"Nadhani" haichaji gari. Chaja ikikosa ethi inawasha taa nyekundu na kugoma. Itisha mtu apime.

Mama_Mitwero:
Kaka yangu, mimi nakupigia hesabu ya LUKU. Kama nyumba yako iko D1, ile bei nafuu ya yuniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila yuniti, isahau. Ukizidisha hapo yuniti inakwenda 350, na gari litakuzidishia kila mwezi, kwa hiyo hesabia T1, bei ya watumiaji wa kawaida. Hiyo ni 292 kabla ya kodi na tozo, ukinunua unakuta karibu 356.

Tuseme unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Magari ya ukubwa huo yanakula kama yuniti 18 kwa kilomita 100, ongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, weka yuniti 300. Hiyo ni kama 107,000. Kluger yako hata tuipendelee kilomita 10 kwa lita, ni lita 150. Petroli tuiweke 3,000, unapata 450,000. Mafuta tu hayo, oili sijaigusa.

Kwenye hesabu hii magari yako mawili yanalingana. Kwa hiyo usichague kwa umeme, chagua kwa mengine.

Chikundi_Boy:
Hesabu tamu sana hizo, ila Dar anafikaje? Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560. Mimi barabara hiyo naipita kila wiki, kuanzia Mbagala mpaka Mtwara sijaona kituo cha kuchaji haraka hata kimoja. Mei 2024 maji yalikata barabara pale Somanga, tulilala njiani na magari ya mafuta, na mafuta yenyewe tulikuwa nayo. Wewe wa betri ungefanya nini?

Mwalimu_Fizikia:
Hoja ya Somanga ina pande mbili. Gari la umeme likisimama foleni halichomi kitu zaidi ya kiyoyozi. Ila Dar ni kweli, tusimdanganye mwenzetu.

Atto 3 ina betri ya 60.48 kWh (kWh moja ndiyo yuniti moja ya LUKU), na kwa vipimo vya Ulaya wanasema kilomita 420. Kwa joto letu, kiyoyozi, mizigo na mwendo wa 90, mimi ningeamini 350. Kwa hiyo anahitaji nyongeza ya kilomita 210, na akiba asiingie Dar na asilimia 2, tuseme 250. Hizo ni kama yuniti 45. Soketi ya kawaida ya gesti ya Nangurukuru inatoa kilowati 2 na kidogo. Maana yake ni zaidi ya saa 20 kwenye soketi. Usiku mmoja hautoshi! bZ4X ina 71.4 kWh, itapunguza saa hizo, lakini bado utaamka asubuhi unasubiri.

Dar panda basi, au usiiuze Kluger. Mara tatu kwa mwaka si sababu ya kuchagua gari la siku 365.

Newala ndiyo safari yako halisi. Kwenda na kurudi kama kilomita 280, yote mawili yanaweza. Kupanda uwanda wa Makonde kutakula yuniti tatu nne za ziada, wakati wa kushuka mota inageuka jenereta na unarudishiwa sehemu yake. Ukimpeleka mama kutazama Shimo la Mungu usiende mpaka chini Masasi bila kuangalia asilimia.

Kijiti_wa_Mikindani:
Na betri ikifa? Toyota angalau spea zipo kila kona.

FundiWaya:
Spea za IST zipo kila kona. Nenda kaulizie inveta ya bZ4X hapo Mtwara uone utakavyotazamwa. Kwa gari la umeme wote wawili ni wageni hapa, jina halisaidii. Na hilo jina nalo lina habari yake: mwaka 2022 bZ4X iliitwa kurudi kiwandani mwanzoni kabisa kwa sababu bolti za magurudumu zilikuwa zinaweza kulegea. Walirekebisha, na la 2023 halipaswi kuwa na shida hiyo, lakini namba ya chesisi ihakikiwe.

Betri ya Atto 3 ni LFP, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti, ile wanaiita Blade. Inavumilia joto na kujazwa mpaka 100, tena inashauriwa uijaze mara kwa mara ili gari lijue kipimo chake. Ya bZ4X ni aina nyingine, nyepesi kwa nguvu yake, ila kwa siku za kawaida ishie 80.

Mama_Mitwero:
Na umeme ukikatika Atto 3 inatoa umeme nje kwa kiunganishi chake, kama kilowati 3, volti zetu hizihizi. Friji ya samaki, taa na feni mnaendelea. Toyota ya Japan ikiwa na soketi ndani ni ya volti 100, friji yako haiitaki.

Chikundi_Boy:
Upande wa Toyota na mimi niseme. Kama ni ile inayovuta magurudumu yote, wakati wa masika kwenye vumbi la shambani Tandahimba likigeuka tope, utaishukuru. Atto 3 inavuta mbele tu, na tumbo liko sentimita 17 na nusu. Betri iko chini hapohapo. Na yote mawili hayaji na spea taya, unapewa dawa ya kuziba na pampu. Miiba ya huku haijui dawa.

Halafu mama akija mtakuwa sita. Viti ni vitano.

BabaWatatu:
Hilo la viti sijui nililipitaje!

Nimerudi wakuu, leo siku ya nne. Kwanza nimeomba picha za matundu. Mwenye bZ4X amenitumia CHAdeMO kama ilivyosemwa, na yake inavuta mbele tu, kwa hiyo ile hoja ya tope imekufa. Pili, ethi. Fundi amekuja na kipimo: waya upo, nondo ya ardhini haipo. Nimeuliza nyumbani, mtoto wa kati kakiri waliichimba wakaiuza chuma chakavu, wakanunulia barafu.

Kwa hiyo ni Atto 3, Kluger inabaki kwa ajili ya Dar na mashamba. Mama watoto hajasema kitu, anacheka tu. FundiWaya, kutoka kwenye mita mpaka banda la gari ni mita 15, waya gani?

FundiWaya:
Kwa chaja ya kilowati 7 vuta shaba ya milimita 6, na breka yake peke yake, isichangie na jiko. Fundi akikuletea 2.5 mrudishe dukani naye. Na spea taya tafuta mapema, rimu yenye idadi ileile ya bolti, ikae kwenye buti.

Nondo mpya ifukie mtoto akiwa shule.