Kaktasi ina madoa ya kahawia: ni ukungu, jua au inaoza?

Mdau wa Sebuleni:
Wakuu, heshima kwenu. Nina kaktasi ya nguzo yenye mbavu (Cereus), urefu kama sentimita 60, iko kwenye chungu cha kauri. Ilikuwa sebuleni, ikahamishiwa kibarazani upande wa magharibi, hapa Dar. Sasa ina madoa ya kahawia shinani, mengine ubavuni, na kileleni ngozi imekuwa na rangi ya kutu. Duka la pembejeo wanasema ni ukungu, nichukue dawa. Nichukue ipi, na kipimo ni kiasi gani kwa lita?

Mwiba Mkavu:
Mkuu, hela ibaki mfukoni kwanza. Kahawia ni rangi tu, haijakuambia chanzo. Bonyeza kila doa kwa kitako cha penseli, halafu lijaribu kwa kucha: ni gumu au linabonyea? Linabanduka? Kileleni shika karatasi nyeupe chini yake, gonga mmea, uangalie kilichodondoka. Na chungu kina tundu? Unamwagilia vipi?

Mdau wa Sebuleni:
Shinani pamekuwa kama gome, pagumu, kuzunguka pote. Ila kwa nyuma kuna sehemu ya ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 inabonyea, imekolea na ina harufu. Ubavuni ni upande wa jua la jioni peke yake. Pamepauka, katikati kahawia, pakavu. Hakuna kinachobanduka. Kwenye karatasi kuna vidoti vyekundu vinatembea. Chungu hakina tundu, ila nimeweka kokoto chini. Maji ni kikombe kila baada ya siku mbili.

Mwiba Mkavu:
Basi una mambo manne kwenye mmea mmoja, na ukungu uliotajwa dukani si mojawapo.

Gome la shinani ni uzee. Nguzo ikirefuka hukomaa kuanzia chini. Liache.

Ubavuni ni kuungua. Ngozi iliyozoea kivuli haina kinga ya jua la saa tisa alasiri. Hapo pamekufa, hapatakuwa kijani tena hata upake nini, lakini hapasambai. Hamishia upande wa mashariki: saa moja ya jua la asubuhi, kisha ongeza nusu saa kila baada ya siku tatu.

Kileleni ni utitiri mwekundu. Unafyonza ngozi changa, nayo inabaki na makovu kama kutu. Tafuta dawa yenye abamektini, kipimo fuata lebo, piga jioni. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, jumla mara tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa mpigo wa kwanza. Ukiuziwa imidaklopridi, rudisha: ni ya wadudu, na utitiri si mdudu, ni jamaa ya buibui.

Hiyo sarafu ya nyuma ndiyo itakayokuulia mmea. Ni uozo, na umeanzia kwenye maji. Kokoto chini ya chungu kisicho na tundu hazisaidii kitu. Maji yanatuama palepale, mizizi inakosa hewa, inaoza, uozo unapanda. Ng'oa leo uone mizizi.

Bibi Bustani:
Kabla hajashika kisu, mwanangu ahakikishe kwanza kama ni kaktasi kweli. Mimea mingi inayouzwa barabarani kwa jina hilo ni jamaa ya mnyaa. Kaktasi miiba yake hutoka kwenye kijivimbe chenye manyoya. Hawa wengine miiba huota miwilimiwili bila manyoya, na ukichoma kidogo unatoka utomvu mweupe. Utomvu huo ukiingia jichoni ni hospitali. Vaa glavu na miwani.

Mdau wa Sebuleni:
Manyoya yapo, Bibi, na nimechoma kwa sindano, utomvu hauna rangi. Nimeng'oa: mizizi nusu ni myeusi na inachunika. Nikwangue hapo palipooza tu?

Mwiba Mkavu:
Mizizi ikiwa hivyo kukwangua hakutoshi, kata ubakishe juu. Leo piga dawa ya utitiri, iache ikauke, kesho ukate.

Futa kisu kwa spiriti ya asilimia 70, kata sentimita 3 juu ya sehemu laini. Tazama katikati: kuna pete ya mishipa. Ukiona hata nukta moja ya kahawia au rangi ya chungwa kwenye pete, futa kisu tena na ukate juu zaidi, hadi nyama yote iwe safi. Hapa ndipo wengi wanaona huruma, wanaacha nukta moja, na baada ya mwezi uozo uko kifuani.

Ukishafika pazuri, chonga kingo ziwe mshazari. Ngozi ni ngumu, nyama ikikauka inanywea ndani. Usipochonga panakuwa bakuli, na mizizi inayotoka kwenye pete haifiki udongoni. Nyunyiza unga wa salfa, ile ya mikorosho inafaa. Simamisha kipande kivulini penye hewa, ukikilaza kinapinda. Wiki mbili zinatosha penye hewa kavu, kwa unyevu wa Dar ngoja tatu hadi nne. Duru za dawa ya utitiri zinazofuata, funga kidonda kwa mfuko wa plastiki wakati wa kupiga, kisha uutoe.

Juma wa Vyungu:
Mdalasini nao unakausha kidonda, na kwa utitiri mafuta ya mwarobaini ni nafuu kuliko hizo dawa za madukani.

Bibi Bustani:
Mdalasini sawa. Mafuta, hapana, kwa sababu ameshaambiwa salfa. Salfa na mafuta vikikutana ndani ya wiki mbili vinaunguza ngozi. Achague kimoja.

Mdau wa Sebuleni:
Asanteni sana. Udongo nichanganye vipi, na maji lini?

Juma wa Vyungu:
Chungu cha udongo chenye tundu, upana usizidi shina kwa zaidi ya vidole viwili kila upande. Sehemu moja mboji iliyochekechwa, sehemu mbili mchanga mnene wa mtoni au kokoto za ukubwa wa punje ya mchele. Mchanga wa pwani una chumvi, na ule laini wa kupigia plasta unaziba. Panda udongo ukiwa mkavu, kina cha sentimita 4, uegemeze kwa vijiti. Baada ya wiki tatu vuta kidogo: ukikataa kutoka, mizizi imeshika. Mwagilia hadi maji yatoke chini, mwaga ya kwenye kisahani, usirudie mpaka kijiti kirefu ukichomeka hadi chini kitoke kikavu.