Plagi za Datsun 240Z: BP6ES, BP5ES au iridiamu?

Mwanzisha mada, Area C, Dodoma
Ndugu wadau, Datsun 240Z ya mwaka 1972 niliyoachiwa na mjomba, yenye injini ya L24 ya silinda sita na kabureta mbili, inamisi (inakosa kuwaka sawasawa) asubuhi na inazidi kumisi ninapopanda barabara ya Kondoa. Plagi zilizomo ni BP6ES za kampuni ya NGK. Dukani nimeonyeshwa BP6ES zilezile, BP5ES ambazo muuzaji anasema ni za moto zaidi, na BPR6EIX za iridiamu, ambazo kwa bei ya seti moja ningepata seti kadhaa za kawaida. Nichague zipi?

Mdau wa mtaa wa Kisasa
Mkuu, mimi ningechukua BP5ES. Kwa NGK, namba ikipungua plagi hubaki na joto zaidi kwenye ncha, na ncha isiyofika takriban nyuzi 450 za Selsiasi haiwezi kuunguza masizi yake yenyewe. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam ikifika huku humwaga petroli iliyozidi hewa.

Fundi magari, mtaa wa Majengo
Hoja ya mwinuko ni ya kweli, ila dawa yake iko kwenye kabureta. Ukificha masizi kwa plagi ya moto, kisha ukakimbiza gari kuelekea Singida saa nane mchana, ncha inaweza kupita nyuzi 850 na kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche, na kinachotoboka hapo ni pistoni. Iridiamu ni nzuri, kwa kuwa ncha yake nyembamba hutoa cheche kwa volti ndogo na huchelewa kulika, lakini ndani ya injini inayotoa masizi itachafuka kama zile za bei ndogo.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni herufi. E maana yake uzi wenye urefu wa milimita 19; ukipewa BP6HS, urefu wa uzi wake ni milimita 12.7 tu, plagi itaingia bila ubishi na gari litawaka, huku nyuzi za hedi (kifuniko cha silinda) zilizobaki wazi zikijaa kaboni. Niliwahi kuletewa injini ya namna hiyo, na plagi sahihi ilikataa kuingia mpaka tuliposafisha nyuzi zote.

Kabla ya kununua, fungua zote sita, zipange kwa mfuatano juu ya kitambaa, utueleze rangi zake.

Mwanzisha mada
Ya kwanza hadi ya tatu ni kahawia, kama chai ya maziwa. Ya nne hadi ya sita ni nyeusi, na masizi yake ni makavu, yanatoka kwa kidole kama ya chungu cha kuni.

Fundi magari, mtaa wa Majengo
Basi kabureta ya mbele, inayolisha silinda tatu za kwanza, haina kosa. Angalia ya nyuma: choki ya kabureta za aina ya SU kama zako huteremsha nozeli ili petroli izidi, na nadhani yako haijarudi juu. Silinda hizo zingeipaka masizi plagi yoyote.

Mdau wa Nkuhungu
Akikosa NGK, Champion N9YC au Bosch W7DC zinalingana na BP6ES, lakini kwa kampuni hizo namba kubwa ndiyo ya moto. Wengi hununua kinyume hapo.

Mdau wa mtaa wa Kisasa
Kwa rangi hizo, BP5ES zangu naziondoa mezani.

Mwanzisha mada
Nozeli ilikuwa imekwama kwa vumbi lililogandana na mafuta. Nimenunua BP6ES, nikaweka gepu (nafasi ya cheche) ya milimita 0.8 kwa fila, kibati cha kupimia, kwa kuwa gari bado linatumia pointi za zamani za kukata umeme wa cheche, nikazikaza kwa mkono na kumalizia nusu mzunguko kwa spana, maana hedi ni ya alumini. Baada ya safari moja ya Kondoa, ya nne na ya tano zimeanza kuwa kahawia. Ya sita bado ina weusi ukingoni, kwa hiyo Jumamosi nitaileta Majengo, fundi.