Skrabu ya Salma imeota ukungu

Salma: Jamani wanafamilia ile skrabu ya kusugulia mwili niliyowagawia wiki mbili zilizopita za kwenu zikoje?? Yangu imeota madoa meusi juu af inanuka kama tambara la jikoni 😭

Baraka: Ya kwangu ilikwisha siku ya nne, nilikuwa najipaka mpaka magoti 😂

Mama Zuu: Yangu nzima ipo kabatini. Wewe yako uliweka nini?

Salma: Kama zenu tu mama mdogo, sukari vikombe viwili mafuta ya nazi kikombe kimoja. Ila yangu nikaiongezea aloevera, nilipasua jani nikakwangua ule ute nikausaga nikamimina humo, ikawa laiiini

Mama Zuu: Haya. Shangazi Rehema anakuja sasa hivi 😅

Shangazi Rehema: Nimeshafika. Salma mwanangu mafuta matupu hayaoti ukungu, yakikaa sana yatachacha tu yanuke vibaya, vile vijidudu vya kuozesha vinataka maji, sasa ukitia ute wa aloevera ambao karibu wote ni maji, au maji ya waridi, au maziwa, au ata huo mkono wako mbichi unaouchovya kwenye kopo katikati ya kuoga, ndo umeshavikaribisha. Losheni za kununua zina maji na haziozi kwasababu zimetiwa dawa ya kuzuia kuoza, sisi hapa nyumbani hatuna

Shangazi Rehema: Kwaiyo cha maji tengeneza cha kutumia leo, kikibaki friji siku mbili tatu basi. Cha mafuta weka kopo kavu, chota na kijiko kikavu. Na hiyo itupe usikwangue juu ukaendelea nayo nakujua

Salma: Nilikuwa nishakwangua 🙈

Mama Zuu: Weeee

Neema: Shangazi na mie nauliza, nikikamulia limau si itang'arisha? Natakaga ya uso

Shangazi Rehema: Kwanza sukari usoni hapana, chembe zake kali, saga shayiri iwe unga laini kabisa ukorogee maji pale pale upake unawe. Limau ndo usithubutu, ile ni asidi kali kuliko ngozi inavyotaka, na ukitoka juani na maji ya limau mwilini unababuka malengelenge kabisa af linabaki doa jeusi wiki na wiki. Utakuwa umejing'arisha hapo?

Neema: 😳 na yale mafuta ya harufu ya kwenye vichupa vidogo?

Shangazi Rehema: Matone 6 kwenye mililita 30 za mafuta yanatosha, watu wanamwaga nusu chupa wanadhani ni pafyumu. Na kitu chochote kipya jaribu kidogo ndani ya kiwiko usubiri siku nzima, ukiona panawasha achana nacho

Baraka: Mi nataka kutengeneza sabuni kabisa, ile ya kostiki, ile soda kali inayounguza

Mama Zuu: Baraka uliunguza yai la kuchemsha.

Shangazi Rehema: 😂😂 Utaitengeneza nikiwepo. Miwani, glavu, dirisha wazi, na kostiki ndo inamwagwa kwenye maji, SIO maji kwenye kostiki, inachemka yenyewe inakurukia. Sufuria ya aluminiamu weka mbali, inaliwa na kostiki. Af ikishaganda unasubiri wiki 4 mpaka 6 ndo uogee, na wewe kusubiri kwenyewe huwezi

Baraka: Wiki 6 si bora ninunue tu

Salma: Haya mi natengeneza nyingine saiv bila aloevera. Mafuta yameganda lakini

Shangazi Rehema: Kawaida yake, yakishuka chini ya nyuzi 24 yanaganda. Loweka kopo kwenye maji ya moto lakini FUNGA mfuniko

Babu: Nani ameoga sasa hivi. Sakafu ya bafuni inateleza nimeshikilia bomba

Mama Zuu: SALMAAA

Salma: Babu usitembee nakuja na sabuni na brashi 🏃‍♀️